Nilibonyeza "Nakubali"



Nikiwa mwaka wa mwisho wa falsafa nilikopa Sh2,000 kwa simu. Dakika moja tu, hela imeingia. Nilibonyeza "Nakubali", yaani nitalipa kwa siku 30. Zingetoka wapi? Sikujua, wala sikujiuliza.

Siku 90 zikapita, jina langu likapelekwa CRB. Hapa Kenya, tangu 2020, deni lisilofika Sh1,000 halikupeleki huko; langu lilikuwa limezidi. Na ukishalipa, rekodi haifutiki papo hapo. Inaonyesha kwamba umelipa, lakini ile habari ya kuchelewa hubaki miaka 5.

Nililalamika kweli kweli. Kompyuta itanijuaje mimi? Haijui shida za mtu! (Yangu haikuwa shida hata kidogo. Nilinunua viatu.)

Halafu nikamkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino, tuliyemsoma darasani hadi tukasinzia. Yeye anafundisha kwamba anayeahidi akiwa na nia ya kutimiza hasemi uongo, hata mambo yakibadilika akashindwa. Asiye na nia hiyo ndiye mwongo. Sasa mimi, nilipobonyeza, nilikuwa na nia gani? Ya viatu.

Nikaenda kuungama. Padre hakuuliza habari za CRB, aliuliza kama nimemaliza kulipa. Nilikuwa nimebakiza Sh600. Nikazilipa Ijumaa iliyofuata.

Dhambi imeondolewa. Rekodi bado ipo, na siku hizi sigombani nayo, kwa sababu ilichoandika ni kweli.