Nani Aliisemea Usambara?

Mwaka 1972 Witi Ihimaera alichapisha Pounamu, Pounamu, kitabu cha kwanza cha hadithi fupi za mwandishi Mmaori. Watu waliozoea kusimuliwa na wageni walikuwa wameanza kujisimulia vitabuni.

Milimani Usambara mambo ni magumu zaidi. Habari za Wakilindi, kitabu kikuu cha historia ya nchi hii, hakikuandikwa na Msambaa. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy alikuwa mtu wa pwani aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Kilindi, akaandika kwa Kiswahili. Mwaka 1962 J.W.T. Allen alikihariri upya.

Basi sauti ya kitabu hicho ni ya nani? Ya mgeni, mtu atajibu upesi. Lakini kisome kisa cha Mbegha, mwanzilishi wa utawala huo. Msasi kutoka Nguu, aliyekataliwa na jamaa zake kwa kuwa kigego, anafika milimani, anawagawia watu nyama, anaua simba Vuga, ndipo wenyeji wanampa utawala. Wanampa! Enzi haikushuka mbinguni wala haikutekwa kwa upanga. Imetoka mikononi mwa wakulima. Aliyepewa anadaiwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee miaka ya 1960, aliwakuta bado wakimpima mtawala kwa mvua na shibe. Mkono ulioandika ulikuwa wa mgeni. Hoja ni ya wenye nchi.

Kwa hiyo damu haitoshi kuamua sauti ni ya nani. Wala lugha: Ihimaera mwenyewe aliandika kwa Kiingereza, na Kishambaa kilipata sarufi ya Karl Roehl mwaka 1911 na kamusi ya LangHeinrich mwaka 1921, vyote kwa Kijerumani, bila Wasambaa kuwa wasomaji waliokusudiwa.

Kipimo cha haki ni kingine: je, anayesimuliwa anaweza kujibu? Hapo ndipo Habari za Wakilindi kinapopwaya. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi wake walipigana, raia wakatekwa na kuuzwa, Wabondei wakawaasi Wakilindi katika uasi ulioitwa Kiva. Yote hayo yanatazamwa kutoka barazani kwa wakubwa. Waliouzwa wanatajwa tu, hawasemi.

Mzao wa mmoja wao, awe Muheza au Bumbuli, akiandika Kiva kama ilivyosimuliwa jikoni kwao, atakuwa anabishana na Abdallah bin Hemedi ana kwa ana. Kitabu hicho kinastahili mbishi wa namna hiyo, na Kiswahili chake kinamtosha kabisa.