Nani Murtadi, Nani Haini?

 

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna vijana waliopanda Nairobi kutafuta riziki, na riziki hiyo imewakalisha Kibera na Kawangware. Hapo Kibera iko wadi iitwayo Sarang'ombe, ambapo Mnubi, mtu wa pwani na aliyesilimu katika kabila za bara hukaa ukuta mmoja na Mkristo. Katika makazi ya namna hiyo ulimi ukiteleza hauanguki peke yake. Kijana aliyesilimu akienda matangani kwa jamaa yake asiyekuwa Mwislamu, husemwa kuwa ameritadi. Mpangaji akionekana na watu wa chama kingine siku za kura, huitwa haini, na huenda akalala nje usiku huo huo. Wala sisi wa miji ya pwani tusijione tumetakasika. Kwetu maneno haya hutupwa barazani pamoja na maganda ya njugu.

Yafaa basi tuyajue maana yake. Murtadi ni aliyetoka katika Uislamu baada ya kuwamo. Hili ni neno la hukumu, si tusi. Mnafiki ni aliyeficha ukafiri moyoni akadhihirisha imani, na ya moyoni huyajua Mwenye moyo. Haini ni aliyevunja amana, naye huenda akawa mtu wa sala na funga, ila amekula mali ya yatima. Msaliti ni mtoa siri na mfitinishaji. Ama mwasi ni aliyeacha kutii, na hapo lazima kuulizwa: utii huo alikuwa nao nani, na kwa mapatano gani? (Vibaraka na vizabizabina tuwaache leo, kwani hao kila mtu anao wake.)

Katika neno hili la mwasi, Kibera yenyewe ni shahidi. Jina lake latokana na neno la Kinubi Kibra, yaani msitu, na wenyeji wake wa kwanza walikuwa askari wa Kisudani na jamaa zao. Baadhi ya askari hao wa Kisudani walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, wakatiwa katika kazi ya Waingereza na Kapteni Lugard mwaka 1891. Mwezi wa Septemba 1897, huko Eldama Ravine, kikosi chao kiliamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ndefu ambayo mwisho wake hawakuelezwa. Walikuwa wamechoka kwa vita juu ya vita, mshahara wao ulikuwa mdogo na wa kucheleweshwa, na wake zao na watoto wao walitakiwa kubaki nyuma. Wakakataa. Yakafuata mapigano katika ngome ya Luba, Busoga, na mwezi wa Oktoba wakawaua mateka watatu wa Kiingereza, mmoja wao Meja Thruston. Hatusemi kuwa kuua mateka ni jambo jema. Lakini vitabu vya watawala vimewaandika waasi, neno moja tu, na habari ya mshahara na wake na watoto mtu huitafuta kwa taa. Na Wasudani wenzao waliobaki upande wa Waingereza walipigana na ndugu zao wenyewe; nani katika hao alikuwa haini? Jibu huwa jingine kwa kila aliyesimama ngome nyingine.

Basi hata waliotii walilipwa nini? Ardhi ya Kibera ilitengwa rasmi mwaka 1918, ekari 4,197. Wanubi wakapigana vita vya wakubwa, wajukuu zao wakaitwa wageni katika nchi waliyozaliwa, na hati ya ardhi waliyopewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Mwenye kuuliza habari ya amana asiuliize upande mmoja.

Sasa tumtazame Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Mwaka wa 8 wa Hijra alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, naye akitaka safari iwe siri, Hatib bin Abi Baltaa aliwaandikia Makureshi barua kuwapasha habari, akampa mwanamke aichukue. Sayyidna Ali na wenzake wakatumwa wakamfikia njiani, na barua ikatoka katika nywele zake. Hapana khiyana iliyo wazi kuliko hiyo: siri ya jeshi, kwa adui, kwa mwandiko. Sayyidna Umar akamwita mnafiki na akaomba ruhusa ya kumkata shingo. Mtume alifanya nini? Alimuuliza Hatib kwanza ni jambo gani lililompelekea. Akajibu kwamba hakutoka katika dini yake. Ana jamaa Makka wasio na wa kuwalinda, akataka Makureshi wawe na fadhila yake. Mtume akawaambia waliohudhuria kuwa amesema kweli, na akamkumbusha Umar kuwa mtu huyu alikuwako Badri.

Tazameni, ndugu. Kosa lilikuwa kosa, wala halikusifiwa. Ila baina ya kosa na jina palikuwa na swali, na swali likaokoa shingo ya mtu wa Badri.

Kwetu swali hilo limekosekana, na tumezika watu. Tarehe 10 Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi akafa huko Likoni, baada ya kuhitilafiana na vijana wenye msimamo mkali waliotaka kuitawala Masjid Sakina. Muuaji Mungu ndiye amjuaye. Lakini miaka ile neno murtadi lilikuwa likitajwa mjini mwetu kama salamu, na wazee walisikia wakanyamaza.

Enyi vijana wetu, ridda ina masharti. Huwa kwa mtu mzima, mwenye akili, asiyelazimishwa. Na Ammar bin Yasir alitamkishwa ukafiri kwa mateso naye moyo wake umetulia juu ya imani, akapewa udhuru. Tena mtu huulizwa, huondolewa shubuha, hutakwa tauba, na hayo yote ni mbele ya kadhi. Na kadhi wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, amepewa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Ikiwa yeye hakupewa jambo hili, kijana wa Sarang'ombe au wa Majengo amelipata kwa nani?

Darsa ijayo, inshallah, tutausoma mlango wa ridda katika Minhaji ya Imamu Nawawi, neno kwa neno, na mwenye swali aje nalo. Wallahu aalam.