Alama ya mpira kwenye vumbi la tofali

Kila Mei inapoelekea ukingoni, televisheni huanza kuonyesha viwanja vyekundu vya Roland Garros, Paris, na wengi hudhani ule ni udongo. Ni matofali. Chini kabisa kuna mawe ya kupitishia maji, juu yake kokoto, mabaki ya makaa ya mawe, halafu chokaa iliyosagwa, na mwisho unga wa matofali uliotandazwa tabaka la milimita chache tu. Mtu wa Kasulu hahitaji kuelezwa rangi hiyo. Matofali ya kuchoma ndiyo nyumba zetu, na ukipita kiangazi penye tanuri lililobomolewa, viatu vinarudi nyumbani vyekundu.

Mimi hufuatilia tenisi ya wanaume ya viwanja hivyo nikiwa Kibondo, na majirani hawaelewi nimepatwa na nini. Kwenye kibanda umiza huwezi kuomba uwekewe tenisi. Siku Simba inapocheza na Yanga, hata kuomba sauti ipunguzwe ni kutafuta ugomvi. Kwa hiyo nategemea simu na bando. Tangu 2024 mambo yamekuwa mepesi kidogo, kwa sababu Kigali ilianza kuandaa mashindano ya Challenger, ngazi iliyo chini ya yale makubwa ya chama cha tenisi ya wanaume (ATP), kwenye viwanja vyekundu vilevile, na matangazo yake hupatikana mtandaoni bure. Kutoka Kibondo, ukipita Nyakanazi na Rusumo, Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana. Bingwa wa wiki ya kwanza alikuwa Kamil Majchrzak wa Poland, aliyekuwa ametoka kumaliza adhabu ya miezi 13 ya dawa zilizokatazwa michezoni. Mwaka uliofuata alifika raundi ya nne Wimbledon. Watu wa namna hiyo ndio unaowakuta Challenger: wanaopanda, wanaoshuka, na wanaotafuta pa kuanzia upya.

Kinachonivuta kwenye viwanja hivi ni alama. Mpira ukigonga vumbi la tofali huacha doa. Kwenye nyasi au saruji mchezaji akibisha, anabisha hewani. Hapa, kwa miaka mingi, mwamuzi alishuka kwenye kiti chake kirefu, akatembea hadi mstarini, akainama na kuangalia. Kuna ishara moja naipenda sana: mchezaji anaukagua mpira uliodondoka upande wake, anaona umeingia, kisha anaifuta alama kwa kiatu. Akishaifuta, hakuna tena cha kubishania. Amekubali.

Mwaka 2005, mjini Roma, Andy Roddick wa Marekani alikuwa anahitaji pointi moja tu kumtoa Fernando Verdasco wa Hispania. Verdasco akakosa mpigo wa kwanza wa kuanzia, akapiga wa pili, na mwamuzi wa mstari akapaza sauti kwamba umetoka. Mechi imekwisha. Watazamaji wanashangilia, Verdasco anasogea wavuni kutoa mkono. Roddick akanyoosha kidole kwenye vumbi: umeingia, alama hii hapa. Pointi akapewa Verdasco, mchezo ukaendelea, na Roddick akafungwa seti ya pili kisha ya tatu. Akaondoka Roma.

Najua atakayesema Roddick alikuwa na uwezo wa kupoteza. Alikuwa bingwa wa US Open 2003, amewahi kuwa namba moja duniani, na mechi moja ya Roma isingemlaza njaa. Ni hoja ya haki, na mtu wa huku kwetu ataitoa haraka kuliko mwingine yeyote. Basi mtazame Marco Trungelliti wa Argentina, mchezaji ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji ameitumia kwenye hizo Challenger. Mwaka 2015 wapanga matokeo walimfuata wakimtaka auze mechi. Akaripoti kwa kitengo cha uadilifu cha tenisi na baadaye akatoa ushahidi. Waargentina wenzake watatu wakafungiwa, naye akaitwa msaliti na watu aliokuwa akila nao meza moja. Mwaka 2018 alikuwa amekwisha kutolewa kwenye mechi za mchujo za Roland Garros na kurudi Barcelona, kisha akasikia nafasi imepatikana. Akampakia kwenye gari bibi yake, aliyekuwa anakaribia miaka 90, pamoja na mama yake na ndugu yake, wakaendesha kama saa kumi hadi Paris, na kesho yake akamfunga Bernard Tomic. Magazeti ya dunia yalimpenda bibi. Ile habari ya ushahidi wengi hawakuikumbuka.

Mambo haya yalinirudia kichwani nilipoalikwa kusikiliza shauri la mpaka katika kijiji kimoja kati ya Kibondo na Kasulu. Mashauri ya namna hiyo hayapungui, hasa tangu lami ya kutoka Kabingo kwenda Kasulu hadi Manyovu ianze kujengwa na shamba la kando ya barabara kugeuka kiwanja chenye bei. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Wajumbe walisikiliza kila upande chini ya mwembe, wakachoka, wakafanya kile ambacho mwamuzi wa tenisi alikuwa akifanya. Waliinuka wakaenda shambani kuangalia.

Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, umenyooka vizuri, na ulimpa haki mzee mwenye shamba la juu. Jirani yake, kijana aliyerithi kwa marehemu baba yake, hakuwa na la kusema. Wajumbe walikuwa wameshaanza kukung'uta vumbi nguoni ili warudi. Mzee akasema, "Ngojeni. Hii ya mwisho niliipanda mimi, mvua ilipong'oa ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa huku." Akarudi nyuma hatua kadhaa, ndani ya shamba lake mwenyewe, akasimama.

Mama mmoja mjumbe akamwuliza, "Baba, una uhakika?"

"Ningekuwa sina uhakika ningenyamaza."

Pale aliposimama hapakuwa na kisiki wala shimo. Palikuwa na maharage yake. Roddick alikuwa na alama ya kumwonyesha mwamuzi, na pengine kamera zingemwumbua baadaye kama angenyamaza. Mzee huyu alikuwa na kumbukumbu yake tu, na mtu mwingine pekee aliyekuwa akijua ule mpaka alikuwa kaburini. Kijana alishindwa hata kushukuru vizuri. Nilisikia baadaye kwamba mke wa mzee hakusema naye hadi usiku, na siwezi kumlaumu. Maharage yale aliyapanda yeye.

Siku hizi tenisi imekabidhi kazi ya mstari kwa mitambo. Tangu 2025 mashindano makubwa ya ATP, hata ya viwanja vyekundu, yanaamuliwa na kamera, na mwamuzi hashuki tena kitini. Aprili mwaka huo, mjini Madrid, Alexander Zverev wa Ujerumani aliona alama ya mpira ikiwa nje wakati mtambo umesema umeingia. Akachukua simu, akaipiga picha alama ile. Akapewa onyo. Nilicheka, halafu nikamwonea huruma. Wataalamu wanasema alama nayo hudanganya: vumbi likiwa jingi hupanuka, likiwa haba husinyaa, na mpira huteleza kabla ya kuruka. Huenda mtambo ulikuwa sahihi. Lakini mtu ameambiwa asiamini kilicho mbele ya miguu yake, na hana wa kumwuliza. Roland Garros ya 2025, hata hivyo, ilibaki na waamuzi wa mstari, ikawa peke yake kati ya mashindano manne makubwa. Nadhani Wafaransa walifanya vyema, ingawa sidhani watashikilia msimamo huo siku zote.

Huku kwetu nako vifaa vya kupimia kwa setilaiti vinatumika vijijini kuandaa hati za hakimiliki ya kimila. Ni jambo jema. Hati inamkinga mjane, inamkinga yatima, na inapunguza safari za barazani. Ila kifaa hicho kinarekodi pale mpimaji aliposimama, na mpimaji husimama pale alipoonyeshwa. Mnyaa uliosogezwa mwaka jana kitausajili kwa nukta zake zote, kisha utapigwa mhuri. Ndiyo maana utaratibu unataka majirani wawepo wakati wa uhakiki na wakubaliane kabla ya kutia saini. Nimeona watu wakitia saini wakiwa dukani, kwa sababu jua lilikuwa kali na mpimaji alikuwa na haraka. Hao tutaonana nao barazani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kibondo, wa Kasulu, wa Buhigwe na Kakonko, wapimaji wakifika kijijini kwenu usimtume mtoto. Nenda mwenyewe, mpitie jirani yako mwende pamoja, na mwonyeshane mpaka kabla kifaa hakijawashwa. Kama kuna mnyaa ulioupanda wewe, useme hapo hapo.