Kumficha Rafiki Dhiki Yako Siku ya Mvua

Liko jambo ambalo watu wa pwani hulihesabu kuwa ni adabu, nalo lahitaji kutazamwa tena. Mtu akiwa matembezini na rafiki yake, akapatwa na dhiki, huificha ili asimharibie mwenziwe furaha. Je, kuficha huko ni wema, au ni namna ya kumdanganya?

Suala hili huzidi uzito ugenini. Mgeni hajui njia, wala hajui mvua ya mji ule hudumu muda gani; amejiweka mikononi mwa mwenyeji. Na mwenyeji naye amefungwa na hishima ya mgeni. Kila mmoja humtazama mwenziwe usoni, na hapana asemaye la moyoni mwake.

Nilikuwa Unguja kwa shughuli ya siku chache, wakati wa masika, na swahibu yangu wa huko akanichukua kwenda kutazama magofu ya Maruhubi, kaskazini ya mji, jumba la Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, nalo likaungua moto mwaka 1899. Hata hatujazifikia nguzo, mvua ikashuka kwa kishindo. Tukajibanza chini ya mwembe. Akaniambia waziwazi: "Bwana, mimi nina pumu, na baridi hii hunidhuru. Mimi narejea. Wewe ukipenda kubaki, nitakuletea gari." Tukarejea sote. Jioni, barazani, wazee wawili wakamlaumu: vipi amkatize mgeni matembezi yake kwa ajili ya kifua chake?

Mimi naona lawama ile haikuwa ya haki. Lau angalinyamaza, ningalisimama nikizitazama zile nguzo kwa raha, na raha yangu ikinunuliwa kwa pumzi zake, wala bei sikuambiwa. Watasema hiyo ndiyo ithari, kumtanguliza mwenzio. Kweli, ithari ni sifa tukufu. Lakini mwenye kutoa chakula chake hutoa kilicho chake. Mwenye kuficha maradhi huchukua kisichokuwa chake, yaani khiari ya rafiki yake ya kumhurumia. Na akizidiwa usiku, rafiki yule atajilaumu kwa jambo ambalo hakupewa kulijua.

Tazama sharia ilivyofanya. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Watu wakastaajabu, akawajibu kuwa alikwisha kufanya hivyo aliye bora kuliko yeye, naye alichukia kuwatoa watembee katika tope. Ruhusa ile haikuachwa kila mtu aikisie moyoni. Ilitangazwa kwa sauti ya adhana, hata dhaifu asione haya kubaki, wala mwenye nguvu asimdhanie vibaya. Basi ikiwa udhuru wa tope husemwa hadharani katika Ijumaa, ambayo ni faradhi, vipi udhuru wa kifua usisemwe katika matembezi?

Hata hivyo simtetei yule ambaye kila tone likimwangukia hulalamika. Huyo husafiri na nafsi yake tu. Dhiki ipitayo yavumilika kimya. Lakini dhiki ambayo mwenzio lau angaliijua angalibadili shauri lake, hiyo ni amana, yapasa afikishiwe.

Na mgeni naye ana lake. Asingoje kuambiwa, na aulize, tena aulize kwa namna ambayo neno "turudi" litakuwa jepesi kinywani mwa mwenyeji. Wengi wetu huuliza, "Hupati taabu, sivyo?" Hilo si suala, ni kumwamuru mtu ajibu la.