Kuisahihisha Kazi ya Mwenzio

Mtu aliyepewa kazi ya rafiki yake aisome, akaona kosa ndani yake, ana wajibu gani? Aliseme kosa hilo na rafiki achukizwe, au alinyamazie ili urafiki udumu? Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limepata makao mapya katika vyuo vikuu, hasa katika madarasa ambamo vijana hufundishwa kutunga programu za kompyuta.

Huko mwanafunzi hafanyi kila kazi peke yake. Mwalimu huwagawa wanafunzi katika vikundi vya watu wanne au watano. Kikundi huchunguza jambo fulani, mathalani jinsi zahanati inavyotunza habari za wagonjwa wake, kisha huandika programu ya kuisaidia. Kazi ikiisha hukabidhiwa kwanza kikundi kingine, nacho huisoma mstari kwa mstari na kuandika maoni. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba desturi hii ilizuliwa na walimu waliochoka kusahihisha. Sivyo. Mwaka 1976 Michael Fagan wa kampuni ya IBM alieleza katika maandishi utaratibu wa watu wachache kukutana na kuikagua kazi ya mwenzao, ili makosa yaonekane mapema, wakati ambapo kuyaondoa si kazi kubwa.

Mwanafunzi husema: “Mimi na yeye tulianza masomo siku moja. Nitamsahihisha kwa elimu gani?” Maneno haya yana sura ya unyenyekevu, lakini hayana nguvu. Mwenye kazi huisoma kwa kumbukumbu. Huona alilolikusudia wala haoni aliloliandika. Mgeni hana kumbukumbu hiyo. Mbele yake pana maandishi tu, na huo ugeni ndio msaada wake. Wewe mwenyewe umepata kuisoma insha yako mara tatu bila kuona neno lililoachwa, na jirani yako wa dawati akaliona mara moja.

Hoja ya urafiki ni nzito zaidi. Nikimwandikia leo kasoro tano, kesho ataandika zangu kumi. Basi twapatana kimya kimya kusifiana. “Kazi nzuri, hongereni!” Kila mmoja hupata alama yake, na chumbani hakuna aliyeumia. Lakini atakayeumia hayumo chumbani. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi kabisa, na baadhi yao walikufa. Programu yake iliandikwa na mtu mmoja, na waliochunguza msiba ule walieleza kwamba haikuwa imekaguliwa ipasavyo na watu wengine. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine hakumjua mwandishi. Yeye ndiye aliyehitaji sana kwamba mtu mwingine aisome kazi ile na kusema kweli.

Hata hivyo, kusoma si dawa ya kila kosa. Mwaka 2014 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Ilikuwamo tangu mwaka 2012. Mwandishi alisahau kuupima urefu wa ujumbe unaoingia. Mkaguzi aliisoma kazi hiyo, naye hakuona. Simlaumu mtu aliyetazama asione. Aliyeona akanyamaza ana lawama. Lakini aliyetia sahihi bila kusoma namwona mbaya kuliko wote, maana humfanya mwandishi alale usingizi akiamini kwamba kazi yake imelindwa na macho mawili zaidi, kumbe hakuna. Na mwanakikundi anayeweka jina lake juu ya uchunguzi ambao hakuufanya wala hakuusoma, yuko katika safu hiyo hiyo.

Wako pia wanaopenda mno kuona makosa. Hao huandika “Hamjui kazi,” wakajiona mashujaa; maneno yao hayamfundishi mtu kitu. Anayesema kweli kwa faida ya mwenzake hulitaja jambo lenyewe, na mahali lilipo: “Mstari wa 40 utalikataa jina la Ng'ang'a, kwa sababu programu haikubali alama ya ritifaa, mgonjwa huyo hataweza kuandikishwa.” Mwenye kazi akiyasoma hayo huenda akanuna, pengine siku nzima. Kisha ataifungua programu yake, aliandike jina la Ng'ang'a, aone kama kweli linakataliwa.