Ashindwaye Aache Nini?

Mtu ashindwaye vitani, je, ana haki ya kuharibu asichoweza kukishika? Mwaka 1991 mataifa zaidi ya 30 yalijiunga kuwatoa Wairaki katika nchi ya jangwa ya Kuwait. Nao Wairaki wakavitia moto visima vya mafuta zaidi ya 600. Sisi wa Kigoma twakumbuka ushinde mwingine. Julai 1916 Wajerumani, walipokaribiwa na Wabelgiji, waliipaka grisi mitambo ya meli yao Graf von Götzen, ndipo wakaizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 yaitwa Liemba. Walikuwa wema zaidi? Sidhani, walitumaini kurudi wenyewe. Lakini mama wa Ujiji aliyepanda Liemba na kapu lake la dagaa hakuhitaji kujua nia yao.