Shura Haiishi Barazani

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu wa Mvita, apitaye baada ya sala ya Isha penye vibaraza vya Kibokoni, Kuze na Bondeni husikia mashitaka mengi: maji ya mfereji hayaji, taka zimerundikana, zahanati haina dawa, vijana wanamalizwa na unga. Mashitaka hayo ni ya haki. Lakini twauliza: hupelekwa wapi? Usiku ukiwa mwingi kila mtu huenda kwake kulala, na asubuhi taka zi pale pale.

Wako wasemao kuwa siasa ni uchafu, na mcha Mungu hajitii humo. Na wasome Sura ya Shura, aya ya 38. Humo Mola wetu awasifu waumini kwa kumwitikia, kwa kusimamisha sala, kwa kushauriana katika mambo yao, na kwa kutoa katika alichowaruzuku. Shura imewekwa kati ya sala na kutoa. Basi yule asiyekubali kuacha sala wala Zaka, kwa hoja gani aiacha hii iliyo katikati?

Wako na wasemao: tumepiga kura mara nyingi, tumefaidi nini? Jawabu yao iko Uhud. Mtume (s.a.w.) alipenda kubaki Madina, lakini wengi walitaka kutoka, naye akafuata shauri lao. Siku ile Waislamu wapatao sabini waliuawa. Tena katika aya zilizoteremka juu ya vita hivyo, katika Sura ya Al-Imran, aya ya 159, Mtume aliamrishwa awasamehe na ashauriane nao. Shauri lililoleta hasara halikuondoa amri ya kushauriana. Nasi tusiiache haki yetu kwa kuwa uchaguzi mmoja au miwili haikutuletea kheri.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Mvita, katika Thenashara Taifa, walikuwa na masheikh na wazee wao wa kusema kwa niaba ya watu wao. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alitaka watu wa pwani waamke wajitengenezee mambo yao.

Sasa tutazame mlango uliofunguliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi zile zile tunazozishitakia: maji na usafi wa mji, kuzoa taka, zahanati, masoko, shule za chekechea, hata makaburi tutakamozikwa. Kifungu cha 196 chalilazimisha Bunge la Kaunti kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti hupaswa kufika katika Bunge hilo kabla ya kwisha Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Basi atakayekuja kuomba taa ya mtaa mwezi wa Agosti amechelewa: fedha zimekwisha gawanywa, na aliyepewa ni yule aliyefika mapema akasema.

Na kuna msiba mkubwa kuliko uvivu, nao ni kuuza kura. Mtu hupokea noti chache usiku wa kuamkia uchaguzi, akasema ni zawadi. Hiyo si zawadi, ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Kura ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Aliyeinunua hujiona kuwa amekwisha lipa. Atafutwapo kwa ajili ya maji au dawa hana deni na mtu. Fedha ile huliwa siku mbili, na dhiki hukaa miaka mitano.

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, kila aliyefikia umri ajiandikishe, ahakikishe jina lake, wala asingoje siku za mwisho. Pili, kila mtaa uchague watu wachache waaminifu, waulizie siku ya mikutano ya bajeti, wahudhurie, na haja za mtaa ziwe zimeandikwa. Tatu, wanawake wasiachwe nyuma; katika ahadi ya pili ya Aqaba walikuwamo wanawake wawili, na nani ajuaye shida ya maji kuliko abebaye ndoo? Nne, tumchaguaye tumsimamie. Sayyidna Abubakar alipotawazwa aliwataka watu wamsaidie akienda sawa, na wamnyooshe akipotoka. Ikiwa yeye alitaka kunyooshwa, mwakilishi wa wadi yetu ni nani hata asiulizwe?

Katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa habadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyomo nafsini mwao. Tuanze na nafsi zetu, kisha mtaa wetu, kisha mji wetu.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wakuogopao, na utujaalie kuwa raia wasiouza amana yao. Amin.